Dendekedekedeke: Riwaya ya Gitaa, Tanakali Sauti na Heshima ya Kuiga

Muziki wa ala tupu humpa mwandishi wa riwaya taabu ambayo wimbo wenye maneno haumpi. Mwimbaji akiimba, mwandishi anaweza kuyanukuu maneno yake, kuyafafanua, na kuyafanya kioo cha hali ya mhusika. Gitaa likilia peke yake, hakuna cha kunukuu. Mwandishi hubaki na njia tatu, na kila moja ina mtego wake. Akieleza hisia za msikilizaji, muziki wenyewe hutoweka. Akiandika istilahi za wanamuziki, msomaji wa kawaida hutoweka. Akikimbilia sitiari za bahari, moto na ndege, hupata maneno yanayoufaa muziki wowote, na kwa sababu hiyo hayaelezi muziki wowote. Riwaya ninayokusudia kuijadili hapa imechagua njia ya nne, nayo imeitangaza jaladani.

Riwaya hiyo ni *Seishun Dendekedekedeke* ya Sunao Ashihara, mwandishi wa Kijapani aliyezaliwa mwaka 1949 katika mkoa wa Kagawa, kisiwani Shikoku. Ilitunukiwa tuzo ya Bungei mwaka 1990 na tuzo ya Naoki mwaka 1991, na mwaka 1992 mwongozaji Nobuhiko Obayashi akaitengenezea filamu. Kisa chake ni chepesi kusimulia. Mwaka 1965, katika mji mdogo wa pwani wa Kan'onji, kijana anayekaribia kuingia sekondari ya juu anasinzia mchana nyumbani kwao. Redio inapiga "Pipeline" kama ilivyopigwa na bendi ya The Ventures. Kijana anazinduka, na anaporudiwa na fahamu zake ameshaamua: atapiga gitaa la umeme. Kurasa zote zinazofuata zinaeleza jinsi yeye na wenzake watatu wanavyojifunza kupiga muziki huo, kuanzia siku wasiyokuwa na hata gitaa moja hadi siku wanapopanda jukwaani kwenye tamasha la shule katika mwaka wao wa mwisho.

Nilikutana na kitabu hiki nikiwa mwanafunzi wa uzamivu ughaibuni, na tangu hapo nimekuwa nikirejea kwake kila ninapofundisha nadharia ya tanakali sauti au mjadala wa uigaji katika sanaa za Waswahili. Dai langu katika makala haya ni kwamba Ashihara ameandika utetezi bora wa kuiga niliopata kuusoma, na kwamba utetezi huo umejengwa juu ya kipengele cha lugha ambacho vitabu vyetu vya fasihi hukipitia kwa haraka mno.

Jina lisilotafsirika, na lisilohitaji tafsiri

Neno *seishun* lina maana ya ujana, wakati wa machipuko ya maisha. *Dendekedekedeke* si neno la kamusi. Ni mlio wa gitaa mwanzoni mwa "Pipeline": mpigaji anaushika uzi mnene kuliko yote mahali pa juu karibu na tumbo la gitaa, anaudonoa upesi upesi kwa kibao cha plastiki, chini juu chini juu, na huku akiudonoa anautelezesha mkono wa kushoto kuelekea kichwa cha gitaa hadi sauti ishuke chini kabisa. Ni kitendo cha sekunde chache. Hakina melodia. Hata hivyo, yeyote aliyepata kukisikia kutoka kwenye spika nzuri anajua kwamba kinaingilia mgongoni kabla ya kufika sikioni.

Ashihara angeweza kuandika aya nzima kuhusu mtetemo huo. Badala yake ameuandika mlio wenyewe kwa silabi, na silabi hizo ni sahihi kwa namna ya kushangaza. *Den* ndiyo pigo la kwanza, lenye uzito na pua ndani yake, uzi ukiwa bado una nguvu zote. *Deke* ndiyo madono yanayofuata, mawili mawili, moja la kushuka na moja la kupanda: *de* kwa kushuka, ambalo daima huwa zito kidogo, na *ke* kwa kupanda, ambalo hukwaruza. Mwanafunzi wa gitaa anayelitamka neno hilo kwa kasi anayotaka kuifikia ameshakwisha kujifunza nusu ya kazi, kwa sababu ulimi wake unafanya kile ambacho kifundo cha mkono kitatakiwa kufanya. Zaidi ya hapo, *den* ndiyo silabi ya kwanza ya *denki*, yaani umeme kwa Kijapani, na msimulizi mwenyewe huliita tukio lile la mchana ufunuo wa umeme. Sikio la Mjapani haliwezi kukosa kuyaunganisha hayo mawili.

Kijapani na Kiswahili, ijapokuwa hazina udugu wowote, zinafanana katika kupenda silabi zinazoishia kwa irabu. Ndiyo maana jina hili linavuka na kuingia katika lugha yetu karibu bila kubadilika. Lakini linapovuka linapata abiria mpya. Sikio la Mswahili husikia ndani yake kitenzi *kudeka*, na madeko ya mtoto anayejua kwamba anapendwa. Sidhani Ashihara angelichukia neno hilo. Wavulana wake wanne wanadeka kweli kweli mbele ya dunia: wanadai kusikilizwa kabla ya kustahili kusikilizwa, na sehemu kubwa ya ucheshi wa kitabu inatokana na pengo kati ya madai hayo na uwezo wa vidole vyao.

Hapa ndipo ninapotaka kuwagusa wenzangu wa uhakiki. Katika vitabu vyetu vya fani, tanakali sauti huwekwa kwenye orodha ya mapambo ya lugha, baada ya takriri na kabla ya nidaa, na mifano yake huwa ileile: alianguka pu, alijifunga ndi. Maelezo huwa kwamba mwandishi anaiga sauti ili kunogesha maelezo. Maelezo hayo yanashindwa mara moja tunapokumbuka "kimya jii" na "nyeusi ti". Kimya hakina mlio wa kuigwa, wala weusi hauna. Wajapani wana majina mawili tofauti, *giongo* kwa maneno yanayoiga sauti na *gitaigo* kwa yale yanayoiga hali, na utengano huo unatusaidia kuona kwamba tanakali ni ujuzi wa mwili uliopewa umbo la silabi. Mtu anayesema "jii" anakuonyesha jinsi kimya kinavyokaa masikioni.

Kwa wanamuziki jambo hili si geni hata kidogo. Mwalimu wa dumbak katika taarabu humwambia mwanafunzi *dum* na *tak*, na mwanafunzi hujua papo hapo ni katikati ya ngozi au ni ukingoni. Wapigaji wa shamiseni, ala ya nyuzi tatu ya Kijapani, wamerithishana vipande vyao kwa silabi za mdomo kwa vizazi vingi. Silabi hizo ni notisheni: zimebeba urefu, uzito, na mahali pa mkono. Ashihara amechukua desturi hiyo kongwe akaivisha gitaa la umeme la Kimarekani, na kwa tendo hilo moja ameshaeleza riwaya yake inahusu nini. Kijana wa Kan'onji anaupokea muziki wa ng'ambo kwa mdomo wa kwao kabla ya kuupokea kwa vidole. Kitu kilichokwisha kutamkwa kwa silabi zako tayari kimeanza kuwa chako.

Bahari isiyo na mawimbi

Jina "Pipeline" lilitokana na mahali halisi, pwani ya kaskazini ya kisiwa cha Oahu, Hawaii, ambapo mawimbi makubwa hujikunja na kufanya mrija ambamo mtelezaji hupita juu ya ubao wake. Waliokitunga kipande hicho walikuwa vijana wa bendi ya The Chantays kutoka Santa Ana, California, nao walikuwa bado wa rika la shule kilipopanda hadi nafasi ya nne katika orodha ya Billboard mwaka 1963. Mwaka uleule The Ventures wakakirekodi kwa namna yao, na toleo hilo ndilo lililoingia katika masikio ya Wajapani.

The Ventures wenyewe hawakutoka California. Walikuwa watu wa Tacoma, jimbo la Washington, kaskazini ambako bahari huingia ndani ya nchi kwa utulivu na baridi. Waanzilishi wake, Don Wilson na Bob Bogle, walikuwa wafanyakazi wa ujenzi walipoanza kupiga pamoja mwaka 1958. Nao vijana wa Ashihara wanaishi kando ya Bahari ya Ndani ya Seto, iliyozingirwa na visiwa vikubwa pande zote, ambayo uso wake kwa kawaida ni tulivu kama wa ziwa. Basi tuna muziki wa mawimbi uliotungwa na watoto wa shule, ukapigwa upya na waashi wa kaskazini, ukapokelewa na wana wa wavuvi na wauza duka ambao hawajapata kuona wimbi la kutelezea ubao.

Mhakiki mwenye haraka ataliita jambo hili uongo, au walau utengano wa sanaa na mazingira yake. Mimi naona kwamba linatuambia kitu cha kweli kuhusu muziki wenyewe. Wimbi la muziki huu lilikuwa kwenye vifaa tangu mwanzo. Mwaka 1961 kampuni ya Fender ilitoa kisanduku cha mwangwi ambacho ndani yake mna springi za chuma: sauti ya gitaa hugeuzwa kuwa mtikisiko upande mmoja wa springi, mtikisiko husafiri, hugonga mwisho na kurudi, na kinachookotwa upande wa pili ni sauti iliyolowa, yenye kudondoka na kurukaruka. Ukikipiga kisanduku hicho teke, hunguruma kama radi. Hapo ndipo maji ya muziki huu yanapopatikana, ndani ya boksi la springi, na boksi husafirishika. Mvulana wa Kan'onji mwenye amplifaya alikuwa karibu na bahari ileile aliyokuwa nayo mvulana wa Santa Ana.

Ashihara analielewa hilo, na hamfanyi kijana wake aote California. Mazungumzo ya vijana yameandikwa kwa lahaja ya Sanuki, lahaja ya nyumbani kwao, yenye kejeli zake na lafudhi zake, huku usimulizi ukielekea Kijapani sanifu. Msomaji aliyezoea riwaya za Zanzibar, ambamo wahusika husema Kiunguja na msimulizi husema Kiswahili cha vitabuni, atalitambua pengo hilo na ataitambua raha yake. Gitaa ni la Marekani, tusi ni la Sanuki. Hakuna mahali ambapo mwandishi anaomba radhi kwa mchanganyiko huo, wala hauonyeshi kama tatizo linalongoja suluhisho.

Mnyororo wa wanafunzi

Neno zito ambalo limetupwa kwa vijana hawa, nje ya riwaya na ndani yake, ni uigaji. The Ventures walikwenda Japani kwa mara ya kwanza mwaka 1962, wawili tu, Wilson na Bogle. Walirudi mapema mwaka 1965 wakiwa bendi kamili, na nchi ikawaka. Gitaa la umeme likapewa jina fupi, *eleki*, televisheni ikaanzisha mashindano ya bendi za vijana, na wazee wakaingiwa na wasiwasi. Mwaka uleule bodi ya elimu ya mji wa Ashikaga ililipiga marufuku gitaa hilo kwa wanafunzi, na hofu ya namna hiyo ikaenea katika shule nyingi. Lawama zilikuwa mbili na zilipingana: kwamba eleki huharibu maadili, na kwamba ni kuiga tu kusikokuwa na maana. Ajabu ya lawama ya pili ni kwamba hutolewa kana kwamba kuna mahali fulani katika muziki huu ambapo mtu alianza bila kuiga.

Tufuate kipande kimoja. "Walk, Don't Run", kipande kilichowapa The Ventures nafasi ya pili katika orodha ya Billboard mwaka 1960, kilitungwa na Johnny Smith, mpigaji wa jazi, miaka ya 1950. Chet Atkins akakipiga kwa mtindo wake wa vidole vingi vinavyofanya kazi kwa wakati mmoja. Wilson na Bogle walikijua kupitia Atkins, na kwa kuwa hawakuwa na vidole vya Atkins, walikirahisisha: gitaa moja likabeba melodia, la pili likapiga kodi za mdundo, besi ikatembea chini, ngoma zikasukuma. Mtindo uliokuja kufundisha nusu ya dunia kupiga gitaa ulizaliwa wakati wanafunzi wawili walipofika kwenye ukomo wa uwezo wao wakatafuta njia ya kuuzunguka. Mwaka 1965 bendi hiyohiyo ilitoa sahani ya santuri ya mafunzo, *Play Guitar with The Ventures*, ikiwafundisha wasikilizaji sehemu moja moja za vipande vyake, na sahani hiyo ya darasani ikaingia katika orodha ya albamu ya Billboard. Wanafunzi wa jana walikuwa walimu, na hawakuficha ngazi waliyopandia.

Mfano wa pili unatukaribia zaidi sisi wasomaji wa Kiswahili. "Misirlou", kipande ambacho ulimwengu wa leo unakijua kwa sababu ya filamu ya *Pulp Fiction* ya mwaka 1994, kilirekodiwa na Dick Dale mwaka 1962. Dale alizaliwa Boston mwaka 1937 kwa jina la Richard Monsour. Ukoo wa baba yake ulitoka Lebanoni, na baba yake mdogo alikuwa mpigaji wa udi. Wimbo wenyewe ulikuwa ukiimbwa na kupigwa mashariki mwa Mediterania muda mrefu kabla yake, na rekodi yake ya kwanza inayojulikana, kwa Kigiriki, ni ya mwaka 1927. Jina linatokana na neno la Kituruki la mtu wa Misri, na Mswahili halihitaji kufafanuliwa, kwa kuwa nchi hiyo tunaiita vivyo hivyo. Dale aliutoa wimbo katika mwendo wake wa kujivuta, akaupiga kwa kasi ya kutisha juu ya uzi mmoja, akidonoa bila kupumzika kama adonoavyo mpigaji wa udi anapotaka sauti moja isife.

Ngazi ya sauti ya "Misirlou" ina hatua ile pana inayolitambulisha kundi la Hijazi. Aliyelelewa na taarabu ya Unguja, Mombasa au Maskati huitambua kabla hajaambiwa. Njia iliyoileta Zanzibar inajulikana: katika zama za Sultani Barghash, nusu ya pili ya karne ya 19, Mohamed Ibrahim alipelekwa Kairo kujifunza kanuni, na mwaka 1905 likaundwa kundi la Ikhwani Safaa. Mwaka 1928, mwaka mmoja tu baada ya rekodi ile ya Kigiriki, Siti binti Saad aliingia studio kule Bombay na kurekodi kwa Kiswahili. Kwa hiyo kijana wa Kizanzibari anayeishi Leeds au Minneapolis akijaribu "Misirlou" kwenye gitaa la umeme, hana sababu ya kujiona mgeni mlangoni. Amefika kwa jamaa kupitia mlango wa nyuma. Taarabu nayo iliambiwa kwamba inaiga Misri. Iliiga kweli, na kutokana na uigaji huo ikapatikana sauti ambayo Misri haikuwa nayo.

Nguvu ya Ashihara ni kwamba haihubiri hoja hii. Anaionyesha kwa kazi. Msimulizi wake anasikiliza sahani, anarudisha sindano, anasikiliza tena, anakosea, anarudia. Katika kurudia huko kuna unyenyekevu ambao wahakiki wa asili na uhalisi huwa hawauoni. Anayeiga kwa dhati hulazimika kusikiliza kuliko anayebuni, kwa sababu anayebuni anaweza kuliita kosa lake mtindo, ilhali anayeiga ana kipimo nje ya nafsi yake. Baada ya miezi mingi ya kipimo hicho, kile kisichofanana kinachobaki mikononi ndicho chake hasa. Hakukitafuta, lakini nacho hakikuondoka.

Vidole vinne, mikono minane

Sehemu ya kati ya riwaya ndiyo tajiri kuliko zote, na ndiyo inayosahauliwa na wanaoikumbuka kwa mlio wa mwanzo tu. Bendi yao wanaiita The Rocking Horsemen. Wamo mwana wa muuza samaki ambaye mikono yake inajua gitaa kuliko wote, mwana wa kasisi wa hekalu la Kibudha anayepiga besi na kutoa nasaha za mtu mzima, na mpiga ngoma aliyetoka katika bendi ya matarumbeta ya shule. Yuko pia rafiki wa tano, fundi wa vifaa, asiyepiga ala yoyote lakini anayeweza kuwaundia amplifaya. Gitaa linagharimu fedha wasizokuwa nazo, basi likizo ya kiangazi inakwisha katika kibarua. Wanatafuta mahali pa kufanyia mazoezi ambapo majirani hawatalalamika. Wanaweka kambi kando ya mto.

Mwandishi anakaa na mambo haya bila haraka, naye ana sababu. Muziki wa gitaa la umeme wa ala tupu umejengwa juu ya mgawanyo wa kazi unaofanana na wa jahazi. Melodia inayosikika ni ya mtu mmoja, lakini isingesimama bila gitaa la mdundo ambalo hakuna anayelisikiliza. Katika "Pipeline" mkono wa kulia wa mpiga mdundo huilalia nyuzi kwa ukingo wa kiganja karibu na daraja la gitaa, ili kila pigo life mapema na litoe mlio mkavu wa mbao. Kazi hiyo huumiza, haina sifa, na ikikosewa kipande chote huanguka. Nani akubali kuifanya? Swali hilo, ambalo kila bendi ya vijana duniani imewahi kulijibu kwa ugomvi, ndilo linaloipa riwaya elimu yake ya kimaadili. Vijana wanajifunza kwamba kusikika na kuhitajika ni mambo mawili. Kitabu kinalisema hilo kupitia mikono, na hakuna mhusika anayelitamka kama mafunzo.

Hapo ndipo ninapoiona riwaya hii kuwa riwaya ya makuzi kwa maana kamili. Katika utanzu huo, kwa desturi, kijana huondoka, hupata majaribu, hurudi au hupotea. Hapa kijana anakaa palepale kwa miaka mitatu na kinachosafiri ni uwezo. Kipimo cha ukuaji wake si hekima anazotamka. Ni kwamba mwanzoni hawezi kupiga *dendekedekedeke*, na mwishoni anaweza.

Kasoro, na sababu ya kuzitaja

Sifa zote hizi hazifuti mapungufu. Bendi ni ya wavulana watupu, na wasichana wanaonekana zaidi kama wasikilizaji na watu wa kutamaniwa kuliko kama watu wenye masikio na tamaa zao wenyewe. Mtu anaweza kujibu kwamba ndivyo mji wa Kan'onji ulivyokuwa mwaka 1965. Jibu hilo linatosha kwa mwanahistoria. Kwa mwandishi wa riwaya halitoshi, kwani huyo ana uhuru wa kuuliza ni nani mwingine aliyekuwa akiisikiliza redio mchana ule.

La pili ni joto la kumbukumbu. Msimulizi anatazama nyuma kwa upole mwingi, na upole huo mara nyingine hulainisha mambo yaliyostahili kukwaruza. Miaka 20 tu ilikuwa imepita tangu vita, na muziki anaoupenda ni wa nchi iliyoishinda na kuikalia yake. Ashihara anaigusa historia hiyo kwa mbali. Ninaelewa kwamba kijana wa umri ule hafikiri hivyo akiwa na gitaa mkononi. Ila msimulizi si kijana tena, na ukimya wake ni wa mtu mzima aliyeamua kutolizungumza jambo.

Mwisho wa kitabu, hata hivyo, unaniridhisha kwa ukali wake wa chinichini. Tamasha la shule linapita, shule inakwisha, na vijana wanatawanyika: wenzake wanabaki katika kazi na majukumu ya nyumbani, naye anaelekea chuo kikuu Tokyo. Hakuna anayekuwa nyota wala mkataba wa kurekodi unaofika kwa posta. Ujuzi walioupata kwa jasho hauna soko, na mwandishi haupi soko. Anaacha swali zito mezani: ni nini thamani ya kujifunza kwa ukamilifu kitu ambacho hakitakulisha, hakitakutambulisha, na ambacho wengine walishakipiga vizuri kabla yako?

Kwa upande wetu

Fasihi ya Kiswahili ina waimbaji wengi na ina maneno yao. Shaaban Robert alipoandika *Wasifu wa Siti binti Saad*, kitovu chake kilikuwa mwimbaji, sauti yake na heshima aliyojipatia, na ni haki iwe hivyo katika utamaduni ambao shairi ndilo mfalme. Lakini mikono iliyoshika udi, fidla na dumbak nyuma ya waimbaji wetu bado haijapata riwaya yake. Uhakiki wetu wa muziki huwa ni uhakiki wa mashairi: tunachambua mafumbo, mipasho na vina, kisha tunaandika neno "ala" mara moja na kupita. Kisichokuwa na maneno tunakiona kama hakina maudhui.

Ashihara anatuonyesha kwamba maudhui ya ala yapo katika kujifunza kwake, na kwamba lugha ya kuyaandika tayari tunayo. Tanakali zetu ni nyingi na zina nidhamu. Mwalimu wa ngoma anazitumia, fundi anazitumia, nahodha anazitumia. Mwandishi atakayezitumia kama notisheni, bila kuzinyunyiza kama pilipili, atapata njia ya kuandika chuo cha udi cha Mji Mkongwe, au chumba cha baridi cha ughaibuni ambamo kijana amevaa vipokea sauti ili asiwaamshe wapangaji wenzake.

Kijana huyo wa pili ndiye ninayemfikiria zaidi ninapoandika kwa wasomaji wa jarida hili. Nimemsikia mara nyingi akiulizwa, na watu wanaompenda, kwa nini anahangaika na muziki wa watu. Swali huwa na huruma ndani yake, na pia lina hukumu: kwamba mtu aliye mbali na kwao anapaswa kutumia saa zake chache kulinda alichobeba. Riwaya hii inampa jibu ambalo haliwadharau wanaouliza. Johnny Smith hakuwamiliki The Ventures, The Ventures hawakuwamiliki vijana wa Kan'onji, na Misri haikuimiliki taarabu. Kila mmoja katika mnyororo huo aliketi chini, akasikiliza hadi masikio yakachoka, akaupitisha mlio katika mdomo wa lugha yake, kisha akautafuta kwa vidole. Alichopata mwishoni kilikuwa na alama za mkono wake kwa sababu mkono haukuwa na namna ya kuzificha. Nasi tulio walimu, kabla ya kumwambia kijana aiache "Pipeline" na kushika kilicho chake, tumwombe kwanza atutamkie jinsi inavyolia. Katika silabi atakazozichagua tutasikia kwao ni wapi.